Kwa Nini Dendrobiamu Inayochanua Nakuru Hukataa Kuchanua Kisumu

Waulize wapenzi wa maua wa Nakuru, Kisumu na Kericho jinsi ya kutunza dendrobiamu, ile okidi ya chunguni, utapata majibu matatu yanayogombana. Wa Nakuru atakuambia uinyime maji kuanzia Krismasi hadi mwisho wa Februari na uiache barazani ipigwe na baridi ya usiku, kwani ndipo itakapojaa maua. Wa Kisumu atakuonya kwamba ukiifanyia hivyo utakuta majani yamepukutika na mizizi imesinyaa. Wa Kericho atasema maji si neno, kazi ni kuikinga na mvua isije ikaiozesha. Wote watatu wanasema kweli na wote watatu wana picha kwenye simu za kuthibitisha. Muuzaji wa miche kando ya barabara, naye, humwambia kila mteja maneno yale yale: "Mama, hii ni okidi, weka maji kidogo kidogo."

Matokeo yake ni miche mingi mizuri kufa mikononi mwa watu wanaoipenda. Inasikitisha, kwa sababu okidi hizi si dhaifu hata kidogo. Zinauawa na ushauri sahihi uliopewa mmea usiohusika. Neno dendrobiamu peke yake halikuambii namna ya kuutunza mmea ulio nao, na ukilielewa hilo, yote mengine yatajipanga.

Tuanze na majina, maana ndiyo yenye fundo. Okidi ni familia nzima ya mimea, mojawapo ya zile kubwa kabisa kati ya mimea itoayo maua, yenye spishi zaidi ya 25,000. Vanila inayotiwa kwenye keki ni tunda la okidi. Familia hugawanywa katika jenasi, yaani ukoo wa spishi zilizotokana na asili moja. Dendrobiamu ni jenasi, iliyopewa jina rasmi na mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Olof Swartz, mwaka 1799. Ina takriban spishi 1,500. Wengine huhesabu zaidi, kwa sababu wataalamu hawajakubaliana mipaka ya ukoo huu iishie wapi. Spishi ni aina moja halisi inayozaana yenyewe porini. Juu ya hizo kuna machotara, yaani mimea ambayo wakulima wameipata kwa kuchukua chavua ya spishi moja na kuitia kwenye ua la nyingine. Karibu dendrobiamu zote unazoziona supamaketi ni machotara, na ndiyo maana kibandiko, kama kipo, kina jina la biashara tu au hakina jina lolote.

Watu husikia "ukoo mmoja" wakadhani ni "tabia moja". Hebu tazama jenasi nyingine, Solanum, iliyo jikoni na shambani mwetu sote. Nyanya imo. Kiazi cha kizungu kimo. Biringanya imo. Mnavu, ambao wengi wetu tunauita managu na Waluo wanauita osuga, umo. Na ndulele, ule mti wa miiba wenye vitunda vya manjano unaoota malishoni, nao umo. Mtu akikuuliza "Solanum hupikwaje?" utamuuliza Solanum gani, kwa maana mmoja tunakula jani, mwingine tunda, mwingine kilichofukuliwa chini ya udongo, na wa mwisho hakuna mama anayeutia chunguni. Dendrobiamu nayo ni hivyo hivyo. Kabla ya kuuliza maji kiasi gani, uliza dendrobiamu ipi.

Hata hivyo yapo mambo mawili ambayo karibu ukoo wote unashiriki, na ni vyema yaeleweke mapema kwa sababu ndiyo huua miche mingi zaidi.

La kwanza ni mzizi. Dendrobiamu nyingi huishi juu ya matawi ya miti, chache hushika mawe, na karibu hakuna inayozika mizizi kwenye udongo mzito. Huku magharibi mwa Kenya, mmea unaokaa juu ya mwingine huleta picha mbaya, na si bure. Wakulima wa Siaya, Busia na Homa Bay wanaijua kayongo, ile striga yenye maua ya zambarau inayojipenyeza kwenye mizizi ya mahindi na kuyafyonza hadi yanadumaa. Kayongo ni kimelea wa kweli. Okidi ya mtini si kimelea. Mzizi wake hushika gome kwa nje tu bila kuingia ndani ya mti, na virutubisho vyake hutoka kwenye maji ya mvua, vumbi, na majani yanayooza kwenye nyufa za matawi. Kwa hivyo anayekata okidi kwenye mwembe wake ili "kuuokoa" anajisumbua, na anamfukuza mgeni asiyekula chochote cha mwenyeji.

Ukiuangalia mzizi wenyewe utaona umevikwa ganda nene jeupe. Ganda hilo ni tabaka za seli zilizokufa ambazo hunywa maji haraka mvua inaponyesha na kuyapitisha ndani. Likiwa kavu ni jeupe la fedha. Likilowa hugeuka kijani. Mzizi wa aina hiyo unahitaji hewa kama unavyohitaji maji. Ukiuzika kwenye udongo mweusi wa shamba, hata uwe na rutuba ya kusifiwa, hewa hukatika na mzizi huoza. Hapo majani huanza kunyauka, mwenye mmea huona dalili za kiu, huongeza maji, na anammaliza mgonjwa.

La pili ni shina. Dendrobiamu husimama kwa mashina yenye pingili, mengine membamba, mengine manene, na ndani yake kuna akiba ya maji na chakula. Kila mwaka mmea huchipuza shina jipya kando ya lile la zamani. Akiba hiyo ndiyo inayoziwezesha spishi nyingi kuvumilia kiangazi kirefu bila tone.

Baada ya mambo hayo mawili, njia zinaachana, na zinaachana kweli. Ukoo huu umetapakaa kutoka milima ya Himalaya kupitia China na Japani, ukashuka Asia ya Kusini-Mashariki, visiwa vya Indonesia na Papua New Guinea, Australia, hadi New Zealand. Afrika haina hata spishi moja ya asili. Nitalirudia hilo chini kwa sababu lina mkanganyiko wake. Katika eneo kubwa namna hiyo kuna pwani zenye joto mwaka mzima, kuna misitu ya mawingu, na kuna nyanda ambazo mvua hukatika kwa miezi. Kila spishi imejifunza kwao.

Mfano unaonivutia kuliko yote ni Dendrobium crumenatum, inayoitwa okidi ya njiwa, ambayo huota kwenye miti ya kando ya barabara huko Singapore na Malaysia. Matumba yake hukua hadi kiwango fulani, kisha husimama na kungoja. Hungoja mvua kubwa ya ghafla inayoshusha joto kwa nyuzi kadhaa ndani ya muda mfupi. Siku ile huwa kama imeamriwa: matumba huanza kukua tena, na siku ya tisa hivi baada ya mvua, kila mche wa mtaa mzima hufunguka asubuhi moja, meupe yenye harufu nzuri. Jioni yamekwisha. Faida yake ni kubwa. Kama kila mche ungechanua siku yake, nyuki angekuta ua moja la upweke na chavua isingefika popote. Yakichanua pamoja, chavua hutoka mche huu ikafika ule. Ishara inayoitumia si saa wala mwezi. Ni kushuka kwa joto. Lishike jambo hilo, kwa sababu ndilo litakalotueleza habari ya Nakuru na Kisumu.

Upande wa pili kabisa kuna Dendrobium cuthbertsonii ya milima ya New Guinea, mmea wa kimo cha vidole vichache unaoishi mara nyingi juu zaidi ya mita 2,000 kwenye ubaridi na ukungu usiokatika. Ua lake moja hudumu kwa miezi. Hiyo ukiileta Kisumu haitamaliza mwaka, hata uipende namna gani, na ukiikausha kama mtu wa Nakuru anavyokausha yake, itakufa mapema zaidi. Okidi ya njiwa na hii ni ukoo mmoja, na moja hufungua maua kwa siku moja wakati nyingine huyabeba nusu ya mwaka.

Basi turudi kwenye chungu kilicho sebuleni kwako. Huna haja ya kuzijua spishi 1,500. Zinazouzwa kwa wingi ni za makundi machache, na shina litakuambia uko na lipi hata kama kibandiko kimepotea.

Kundi la kwanza ni jamii ya Dendrobium nobile, ua rasmi la jimbo la Sikkim nchini India. Mashina yake ni manene na laini kiasi, yana pingili zinazoonekana wazi, na majani yamepangwa toka chini hadi juu. Maua hutokea kwenye vifundo vya shina lenyewe, mawili matatu kwa kila kifundo, kiasi kwamba shina zima huonekana limevikwa maua. Mara nyingi hufanya hivyo baada ya majani kudondoka.

Kundi la pili hutokana na Dendrobium bigibbum na ndugu zake, kutoka kaskazini mwa Queensland, Australia, na kusini mwa New Guinea. Queensland iliifanya ua lake rasmi mwaka 1959. Mashina yake ni magumu, yamesimama, na majani mazito kama ngozi yamekusanyika nusu ya juu. Maua hayatoki kwenye vifundo vya katikati. Hutoka karibu na ncha kwa kikonyo kirefu kilichopinda, na hudumu wiki nyingi. Yale maua ya zambarau na meupe unayoyaona kwenye mapambo ya hoteli na harusi, yanayosafirishwa kutoka Thailand, ni ya kundi hili.

Hapa pana mtego. Kundi hili la pili hufanana kwa maua na okidi ya jenasi nyingine kabisa, Phalaenopsis, ambayo ndiyo iliyojaa supamaketi. Tofauti ni rahisi kuiona: Phalaenopsis haina shina la pingili, ina majani mapana machache tu yaliyolala chini, na kwa hivyo haina akiba kama hiyo ya kuvumilia kiu. Ule ushauri wa mtandaoni wa kuweka vipande vya barafu juu ya chungu kila wiki ulianza kwa ajili ya Phalaenopsis huko Marekani. Usiufanye kwa dendrobiamu. Maji machache ya barafu hayafiki chini ya chungu, na mmea wa nchi ya joto hauna sababu ya kuguswa na baridi ya namna hiyo mizizini.

Kundi la tatu ni dogo kwa umbo na kwa wingi sokoni: Dendrobium kingianum ya mashariki mwa Australia, inayoota juu ya miamba. Shina ni nene chini na jembamba juu, majani machache kileleni, maua madogo ya waridi yenye harufu. Inavumilia baridi kuliko hizo mbili.

Sasa tazama ramani yetu. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, kando ya ziwa. Mchana joto hukaribia nyuzi 30 na usiku mara nyingi hubaki nyuzi 17 au 18. Nakuru iko karibu mita 1,850, mchana wa nyuzi 25 hivi, na usiku wa Januari unaoweza kushuka hadi karibu 10. Eldoret iko juu zaidi, kama mita 2,100. Kericho nayo iko karibu mita 2,000, baridi, na mvua yake haina likizo.

Kule Himalaya, nobile hupata mvua kubwa wakati wa joto, kisha miezi ya ukavu, jua kali na usiku baridi. Baridi ya usiku ya nyuzi 10 hadi 13 kwa wiki kadhaa, pamoja na uhaba wa maji, ndiyo ishara ya kuamsha matumba. Nakuru inaipa ishara hiyo bure: Januari na Februari ni miezi mikavu, anga safi, usiku wa kujifunika blanketi mbili. Eldoret vilevile. Kwa hivyo yule wa Nakuru anayeiacha barazani anafanya sawasawa. Kosa ambalo wengine hufanya ni kuihurumia na kuiingiza sebuleni, ambako kuta zimehifadhi joto la mchana, na mmea hausikii baridi yoyote.

Nobile hiyo hiyo Kisumu haisikii ishara hata siku moja. Inakunywa, inakula, inanenepa, na vifundo ambavyo vingetoa maua hutoa vitoto, yaani miche midogo yenye mizizi yake juu ya shina la mama. Watu hufurahi wakidhani ni baraka. Vitoto si vibaya, unaweza kuvikata mizizi ikifika urefu wa kidole na kuvipanda, lakini mara nyingi ni dalili kwamba mmea ulipewa maji, mbolea na joto wakati ulipotakiwa kupumzika. Nasema kwa moyo mmoja: mkaaji wa Kisumu, usinunue nobile. Mpe shangazi yako wa Molo.

Kisumu ni nyumba ya kundi la pili. Kule Cape York, rasi ya kaskazini mwa Queensland, joto halikatiki, na jamii ya bigibbum huchukia usiku ulio chini ya nyuzi 15. Ikiachwa barazani Nakuru mwezi wa Januari humwaga majani na kusimama hivyo hivyo miezi. Anayeitaka Nakuru aiweke ndani, mbali na kioo kinachopoa usiku, na asitegemee maua mengi kama ya Kisumu. Kakamega na Bungoma ziko katikati kwa joto. Hapo kundi la pili huenda vizuri ndani ya nyumba. Kericho nobile na kingianum hupata baridi yao, ila lazima ziwe chini ya paa miezi ya mapumziko, kwa sababu ishara ni baridi pamoja na ukavu, na mvua ya alasiri huivuruga. Mvua ya mawe nayo huchana majani.

Dirisha gani? Vitabu vingi huandikwa Ulaya na Marekani, na husema dirisha la kusini ndilo lenye jua. Kwetu maneno hayo hayafai kitu. Ikweta inapita Maseno, na Nakuru iko kusini yake kidogo tu, kwa hivyo jua hupita karibu utosini. Dirisha la kaskazini hupata jua la pembeni kuanzia Machi hadi Septemba, la kusini nusu nyingine ya mwaka, na yote mawili hupata kidogo kwa sababu paa huyakinga. Dirisha la mashariki ndilo bora: jua la asubuhi ni la kutosha na halichomi. Dirisha la magharibi Kisumu, chini ya mabati, alasiri ya Februari, hubabua majani hadi yawe na mabaka meusi. Tundika pazia jepesi au usogeze chungu nyuma. Rangi ya jani itakuongoza. Kijani cha giza kinapendeza macho, lakini maana yake mwanga ni haba na maua hayatakuja. Kijani kinachoelekea manjano kidogo ndicho kizuri. Dendrobiamu inataka mwanga zaidi ya Phalaenopsis, na nyingi zilizowekwa kwenye kona ya televisheni hazitachanua kamwe kwa sababu hiyo tu.

Kuhusu maji, sahau ratiba. Inua chungu, kikiwa chepesi na mizizi ni ya fedha, mwagilia hadi maji yatiririke chini, kisha uyamwage yaliyobaki kwenye kisahani. Katika joto la Kisumu huenda ikawa kila baada ya siku mbili au tatu, Nakuru huenda ikafika wiki. Wakati shina jipya linakua, usiiache na kiu. Likishakomaa na jani la mwisho kileleni limetoka, punguza. Nobile ipunguzie kabisa, ipate tu ya kuzuia mashina yasikunjamane sana, hadi uone matumba yamevimba. Jamii ya bigibbum ipunguzie kiasi, isikauke kabisa.

Maji yenyewe yana habari yake. Maji ya visima vya Nakuru na sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana floraidi na chumvi nyingi, ndiyo maana meno ya watoto waliokulia huko huingia madoa ya kahawia. Chumvi hizo hubaki kwenye chungu kila maji yanapokauka, huacha ukoko mweupe, na huunguza ncha za mizizi. Maji ya mvua ya tangi ndiyo dawa. Ukikosa, mara moja kwa mwezi mwaga maji mengi yapite kwenye chungu kuosha chumvi.

Chungu kiwe kidogo kuliko unavyodhani, kikibana mizizi, kikiwa na matundu mengi. Kikubwa huhifadhi maji ambayo mizizi haiyafikii. Ndani tia vipande vya gome la msindano, linalotupwa na viwanda vya mbao vya Elburgon na Molo, changanya na makaa yaliyovunjwa, na kama uko Bonde la Ufa ongeza lile jiwe jepesi la volkano. Chemsha gome kwanza kuua wadudu. Badilisha gome likishaanza kuoza na kuwa laini, na ufanye hivyo shina jipya linapoanza kutoa mizizi, si wakati mmea umejaa maua. Usiweke punje za DAP wala CAN, wala samadi mbichi. Mbolea ya maji, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, wakati wa kukua tu.

Imani moja huniuma: kwamba shina lisilo na majani limekufa. Watu huchukua kisu wakakata mashina matupu ya nobile mwezi wa Desemba ili mmea "upendeze", na kumbe wamekata maua yote ya mwaka ule. Shina tupu lililo gumu na bado lina ukijani ni ghala, na kwenye nobile ndilo hasa linalochanua. Mengine hutoa maua tena mwaka unaofuata. Kata lile tu lililogeuka kahawia, likanywea na kuwa jepesi.

Na kama matumba yanaanguka kabla ya kufunguka, angalia meza kabla ya kumlaumu aliyekuuzia. Ndizi zinazoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na moshi wa jiko la makaa una gesi hiyo pia. Kiasi kidogo tu hukausha matumba ya okidi. Mkungu wa ndizi uwe chumba kingine.

Nilisema Afrika haina dendrobiamu ya asili. Hata hivyo utasikia watu wakisema wameiona Msitu wa Kakamega, na wapo watakaokuuzia tawi lenye okidi kwa jina hilo. Wanachokiona ni mara nyingi Polystachya, jenasi iliyoenea sana Afrika, nayo ina vishina vifupi vinavyomdanganya mgeni. Au ni Bulbophyllum. Ni okidi nzuri mno, lakini hazifanikiwi zikibanduliwa, kwa sababu mizizi iliyoshika gome hukatika nyingi na haishiki tena haraka. Mbegu zake ni laini kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na huota tu zikikutana na kuvu wa kuzilisha, kwa hivyo mche mmoja uliobanduliwa ulichukua miaka kufika hapo. Msitu ule uko chini ya mashirika ya serikali ya wanyamapori (KWS) na misitu (KFS), na kutoa mmea bila idhini ni kosa.

Biashara ya kimataifa ya karibu okidi zote inasimamiwa na CITES, mkataba wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini, ambao Kenya ni mwanachama. Anayetaka kuagiza dendrobiamu kutoka Thailand au kwingine anahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, cheti cha afya ya mmea kutoka nchi inakotoka, na karatasi za CITES pale zinapotakiwa. Kibali cha KEPHIS huombwa kabla mzigo haujaondoka huko, kwa hivyo usimlipe muuzaji wa mbali kabla hujakishika mkononi. Miche inayofika bila karatasi huzuiliwa, na huweza kuteketezwa.